Valvu ya Mzee wa Ulaya, Moyo wa Kijana wa Kwetu: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Afrika Mashariki

Waheshimiwa Mawaziri wa Afya wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki,

Hospitali inayoweza kubadilisha valvu ya moyo kwa tundu dogo, bila kupasua kidari cha mgonjwa, huandikwa magazetini, hupigwa picha na hutembelewa na viongozi. Furaha hiyo ina haki yake, kwa sababu teknolojia yenyewe ni miongoni mwa kazi bora kabisa za tiba ya karne hii. Barua hii haiipingi. Inaleta kwenu ombi moja: kabla serikali hazijafungua pochi kununua vifaa hivyo, iangaliwe kwanza mioyo itakayovipokea. Vifaa vingi vilivyopo sokoni vilibuniwa kwa ajili ya mzee wa Ulaya au Marekani, ambaye valvu yake imekakamaa kwa kalsiamu iliyojikusanya kwa miaka. Mgonjwa wa valvu anayelala kwenye wodi za Dar es Salaam, Kampala, Nairobi na Kigali mara nyingi ni kijana, zaidi mwanamke, na ugonjwa wake ulianzia kooni.

Habari ya vifaa hivi inafaa kuanzia Denmark. Mwaka 1989 daktari kijana, Henning Rud Andersen, alikuwa Arizona kwenye mkutano wa kitaalamu akimsikiliza Julio Palmaz akieleza stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachopanua mshipa wa damu ulioziba. Andersen akajiuliza: kama chuma kinaweza kukunjwa, kikapitishwa mshipani na kutanuliwa ndani ya mwili, kwa nini valvu isishonwe humo ndani? Aliporudi Aarhus alitafuta waya na mioyo ya nguruwe kutoka buchani, akaviunganisha kwa mikono yake, na tarehe 1 Mei mwaka huohuo akaiweka valvu ya kwanza ya aina hiyo ndani ya nguruwe aliye hai. Majarida makubwa yaliikataa taarifa yake. Ilichapishwa mwaka 1992, na hata hapo wengi waliiona kama mchezo wa maabara.

Miaka kumi baadaye, tarehe 16 Aprili 2002, Profesa Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, aliletewa mwanamume wa miaka 57 aliyekuwa anakata roho. Valvu yake ya aota, ule mlango unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, ilikuwa karibu kuziba, na wapasuaji walikuwa wamekataa kumgusa kwa hofu kwamba angefia mezani. Cribier alipitisha valvu kwenye mshipa wa paja, akavuka ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo, akaifikisha pale ilipotakiwa. Ilianza kufanya kazi palepale. Mgonjwa huyo aliishi takriban miezi minne akafariki kwa matatizo mengine, lakini njia ilikuwa imefunguka. Cribier mwenyewe aliaga dunia mwaka 2024.

Ili kuona ukubwa wa hatua hiyo, inafaa kukumbuka kilichokuwapo kabla yake. Tangu mwaka 1960, Albert Starr na Lowell Edwards walipofaulu kuweka valvu ya bandia huko Portland, Marekani, kubadilisha valvu kulimaanisha mfupa wa kidari kupasuliwa kwa msumeno, moyo kusimamishwa kabisa, na mashine ya moyo na mapafu kuishika kazi yake kwa saa kadhaa. Ni upasuaji unaookoa maisha hadi leo, na hakuna daktari makini anayeudharau. Ila unahitaji chumba mahututi, damu ya kutosha, wataalamu wa nusu kaputi, waendesha mashine na wauguzi waliobobea, wote wakiwa kazini siku moja.

Kwa tundu dogo mambo huenda hivi. Mezani, pembeni mwa mgonjwa, fundi huitoa valvu kwenye dawa inamohifadhiwa na kuisuuza mara kadhaa kwa maji ya chumvi. Imeshonwa kwa utando wa ng'ombe, ile ngozi laini inayouzunguka moyo, ndani ya fremu ya chuma. Kisha huiweka kwenye kibano cha mkono na kuiminya taratibu hadi ikae juu ya puto kama mwavuli uliokunjwa. Mrija unaoipitisha siku hizi una upana wa milimita 5 hivi. Ule wa Cribier ulikuwa wa milimita 8. Unaingia karibu na kinena, unafuata waya mwembamba hadi moyoni, na eksirei inaonyesha kila hatua kwenye skrini. Mgonjwa mara nyingi yu macho, amepewa dawa ya kumtuliza tu. Valvu ikifika mahali pake, daktari huomba moyo uharakishwe: umeme mdogo huupigisha mara 180 au zaidi kwa dakika, ukatetemeka bila kusukuma damu ya maana. Presha inaporomoka. Puto linajazwa, fremu inatanuka na kuikandamiza valvu ya zamani ukutani, puto linanywea. Umeme unazimwa, na presha inaanza kupanda. Shughuli hiyo ya mwisho huchukua sekunde tu.

Ipo aina nyingine isiyohitaji puto. Fremu yake ni ya nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake: ukipozwa hukunjika, ukipata joto la mwili hujifungua wenyewe. Utando wa valvu katika aina maarufu ya kundi hili hutoka kwa nguruwe, na hilo ni jambo ambalo mgonjwa Mwislamu wa Zanzibar au Mombasa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, ili azungumze na daktari wake na mwanachuoni wake akiwa na taarifa kamili.

Matokeo ya vifaa hivi kwa watu waliokusudiwa ni ya kutia moyo. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao PARTNER. Uliwahusu wagonjwa 358 ambao hawakuweza kupasuliwa, wenye wastani wa umri wa miaka 83. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 50.7 ya waliopata matibabu ya kawaida walikuwa wamefariki. Kwa waliowekewa valvu kwa tundu dogo ilikuwa asilimia 30.7. Kufikia 2019 watafiti walikuwa wameshaijaribu kwa watu wenye hatari ndogo ya kufa wakipasuliwa, na Marekani ikaruhusu itumike kwao pia. Wastani wa umri katika utafiti huo wa 2019 ulikuwa miaka 73.

Sasa umri huo ulinganishwe na wa kwetu. Utafiti mkubwa wa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya rumatiki, ulioitwa REMEDY na kuongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, uliandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo. Thuluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili, asilimia 16.9 walikuwa wamefariki.

Kati ya miaka 73 na 28 ndipo hoja yote ya barua hii ilipo. Valvu ya mzee huharibika kwa kalsiamu, na kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayoibana fremu mpya isiteleze. Valvu ya kijana wa rumatiki huharibika kwa njia nyingine kabisa. Mtoto anaumwa mafindofindo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka. Asipopata dawa, kinga ya mwili wake inayopambana na bakteria hao inaweza kugeuka na kuushambulia moyo wake mwenyewe. Kila shambulio linapojirudia, vipande vya valvu huwa vinene, hushikana kingoni, na nyuzi zinazovishikilia hufupika. Inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, wakati vifaa vya tundu dogo vilivyoenea duniani ni vya aota. Hata aota ya rumatiki ikiharibika, kwa vijana mara nyingi huvuja badala ya kukakamaa. Ni laini. Fremu iliyobuniwa kujibana kwenye kalsiamu haipati mahali pa kushika, na valvu inayoteleza ndani ya moyo ni balaa.

Lipo na suala la miaka. Valvu ya utando wa mnyama huchakaa, na katika mwili wa kijana huchakaa upesi zaidi kuliko katika mwili wa mzee. Mtu wa miaka 80 anaweza kumaliza safari yake valvu ikiwa bado nzima. Binti wa miaka 22 atahitaji ya pili, pengine ya tatu, na kila moja inawekwa ndani ya nyingine katika nafasi inayozidi kubana. Ndiyo maana wapasuaji wengi humpa kijana valvu ya chuma, inayodumu. Lakini valvu ya chuma huleta deni lake: warfarini kila siku, maisha yote, ili damu isigande juu yake.

Waheshimiwa, kwenye deni hilo ndiko wagonjwa wengi wanakopotelea. Warfarini ni dawa ya bei nafuu, ila nguvu yake lazima ipimwe mara kwa mara kwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu ubongoni au tumboni. Ikipungua, damu huganda na valvu hukwama. Mgonjwa anayeishi kijijini, ambako zahanati haina kipimo hicho, hulazimika kulala mjini au kuondoka alfajiri kwa basi ili atobolewe mkono na kusubiri majibu. Nauli ikikosekana mwezi huu, anakisia. Kwa mwanamke kuna zito zaidi: warfarini hupita kwenye kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha bila mbadala unaosimamiwa vizuri kunaweza kumuua mama. Wapo waliotumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo zingeimaliza shida hii. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, uliilinganisha dawa mpya ya rivaroksabani na dawa za kundi la warfarini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, wengi wao wakiwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Waliotumia kundi la warfarini walifariki wachache zaidi. Dawa ya zamani ndiyo tutakayobaki nayo, na kwa hiyo kipimo cha INR hakikwepeki. Mashine ndogo ya kukipima kwa tone la damu ya kidoleni ipo, na hutumika kama ile ya sukari. Hakuna sababu ya msingi ya hospitali yoyote ya wilaya kuikosa.

Lakini kabla ya kufikia valvu ya bandia, kuna kifaa kimoja cha tundu dogo ambacho kinamfaa mgonjwa wetu kuliko chochote kilichotajwa hapo juu, nacho hakipati sifa kinazostahili. Ni puto la Inoue. Kanji Inoue, mpasuaji wa Japani, alianza kulitumia mwaka 1982 na kulitangaza mwaka 1984. Hupitishwa kwenye mshipa wa paja, likavuka ukuta wa vyumba vya juu vya moyo hadi kwenye mitrali iliyoshikana. Lilivyobuniwa ndipo ufundi ulipo. Likianza kujazwa, ncha ya mbele hutangulia kuvimba na kuvutwa nyuma hadi ikwame kwenye valvu; kisha sehemu ya nyuma huvimba, puto likawa limeibana valvu pande zote mbili; mwishowe kiuno chake hufunguka kwa ghafla na kuziachanisha kingo zilizogandana. Mgonjwa aliyekuwa halali chali kwa kukosa pumzi anaweza kupumua vizuri siku hiyohiyo. Hakuwekewa kitu cha bandia mwilini, na kama mapigo yake yamekaa sawa na hakuna damu iliyoganda moyoni, huenda asihitaji warfarini hata kidogo.

Puto hili halimfai kila mtu. Valvu ikiwa imeharibika mno, au inavuja sana, mgonjwa hupelekwa kwa mpasuaji. Lakini kwa vijana wenye mitrali iliyoshikana na bado laini, hasa wanawake wanaotaka kuzaa, ndilo chaguo la kwanza duniani kote. Si kazi ngeni kwa wataalamu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam wala wa Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Kinachotakiwa ni puto lenyewe kupatikana ghalani wakati wote, na madaktari wa kutosha kulitumia, badala ya kusubiri kambi ya wataalamu wa nje waje nalo na kuondoka nalo.

Ipo pia njia ya kati, baina ya tundu dogo na kupasua kidari. Mpasuaji hukata sentimita chache upande wa kulia, katikati ya mbavu, akatumia kamera, mikasi na koleo zenye mikono mirefu, pamoja na kifaa kinachofunga uzi kwa pete ndogo ya titani mahali vidole visipofika. Moyo bado husimamishwa, na mashine bado huunganishwa, ila kupitia kinena, na mfupa wa kidari hubaki mzima. Kwa mkulima au mchukuzi anayetegemea mikono yake, kupona bila kidari kilichopasuliwa ni tofauti kubwa.

Kuhusu bei haifai kuzungukazunguka. Nchini Marekani valvu moja ya kupandikizwa kwa tundu dogo huuzwa karibu dola 30,000, bila kuhesabu kitanda, daktari wala dawa. Wazee wetu wenye kalsiamu kwenye aota nao wapo, wataongezeka kadiri watu wanavyoishi zaidi, na wana haki ya kutibiwa. Lakini bajeti ya afya ikikutana na dola 30,000 kwa mtu mmoja, kila wizara italazimika kuchagua. Kila nchi ikienda sokoni peke yake kununua valvu chache, mwuzaji ndiye atakayepanga bei. Nchi nane zikiagiza pamoja, mazungumzo yatakuwa mengine.

Na si lazima kusubiri Ulaya ibuni. Mjini Cape Town, ambako Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu mwaka 1967, wataalamu wakiongozwa na Profesa Peter Zilla walianzisha kampuni iitwayo Strait Access Technologies kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Lengo lao ni valvu ya tundu dogo kwa mgonjwa wa rumatiki mwenye aota laini inayovuja. Puto lao lina uwazi katikati ili damu iendelee kupita, kwa hiyo moyo hauhitaji kuharakishwa kwa umeme, na kifaa chenyewe kimeundwa kitafute mahali pake hata pale ambapo mitambo ya picha si ya kifahari. Namna ya kumfikia mgonjwa huyo ndilo swali sahihi la kuulizwa na mbunifu wa Afrika. Linahitaji wizara zilizo tayari kushiriki katika majaribio yenye kufuata maadili, na kuahidi soko iwapo kifaa kitathibitika.

Jumuiya inayo misingi tayari. Katika mpango wa vituo vya umahiri unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Tanzania ilipewa magonjwa ya moyo, kituo chake kikiwa Mloganzila chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na Rwanda ikapewa uhandisi wa vifaa tiba. Mahali pengine popote watu wangetamani mgawanyo huo: wanaoujua ugonjwa upande mmoja, wanaojua vifaa upande wa pili, chini ya paa moja la Jumuiya. Kuviunganisha vituo hivi viwili katika kazi ya valvu za rumatiki ni uamuzi wa kiutawala zaidi kuliko wa fedha.

Hata hivyo, barua hii ingekuwa imepotosha kama ingeishia kwenye vifaa. Mwaka 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na nchi zetu zilikuwa ukumbini. Kisha Waganda wakaonyesha njia. Katika utafiti uitwao GOAL, uliofanyika kaskazini mwa Uganda, watoto 102,200 walipimwa moyo kwa kipimo cha eko, na 818 waliokutwa na dalili za mwanzo wakaingizwa kwenye majaribio. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiopata dawa. Kwa waliochomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne, ilikuwa asilimia 0.8. Sindano hiyo ni ya zamani, inauma, na haimpi mtengenezaji faida ya kutajwa, ndiyo maana mara kwa mara huadimika. Mtoto anayeipata kwa wakati huenda asiwahi kuhitaji valvu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ombi linaletwa kwenye Baraza lenu la Kisekta la Mawaziri wa Afya, liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho: penisilini ya benzathini na puto la Inoue viingie kwenye manunuzi ya pamoja ya Jumuiya, kipimo cha INR cha kidoleni kifike kila hospitali ya wilaya inayohudumia mwenye valvu ya chuma, Mloganzila na Kigali zipewe jukumu la kueleza kwa maandishi ni valvu ya namna gani inayomfaa mgonjwa wa rumatiki wa kanda hii, na kila zabuni ya valvu za tundu dogo imtake mwuzaji aonyeshe ushahidi wa kifaa chake kwa wagonjwa wenye umri na ugonjwa kama wa kwetu. Asiye nao, asipewe zabuni.